Mtu Hanyimwi Waya

Mgeni haagi akiondoka wala hapigi hodi akirudi, na akirudi mtaa mzima humshangilia. Hicho ndicho kitendawili alichonitegea mume wangu Tirso siku tuliyotoka hospitali na mashine ya oksijeni. Nilikuwa namshusha kwenye gari, mkono mmoja nimemshika yeye, mwingine nimeshika bomba lake la puani.

"Umeme," nikamjibu. "Na mgeni huyo ndiye atakayekuua."

"Umepata," akasema. "Leo sikupata mji."

Tirso alifanya kazi kwenye maghala ya tumbaku tangu akiwa kijana, na vumbi la majani lilimwingia kifuani likakataa kutoka. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa kama chujio la zamani la kahawa. Daktari alisema mashine isizimwe, mchana wala usiku, labda kwa muda mfupi tu wa kwenda msalani. Kusema ni rahisi. Mtaa wetu uko juu ya mto Yaque, hapa Santiago, na huku umeme hukatika utakavyo. Huweza kuondoka wakati unaponda ndizi za asubuhi, na ukarudi jioni nguo zikiwa bado zinangoja chini ya pasi iliyopoa.

Binti yetu Yocasta alipiga simu kutoka New York, akaamuru kama kawaida yake. "Mama, nunueni jenereta. Kubwa. Hela natuma mimi, msibanebane."

Basi tukaenda dukani kwa Mon, fundi anayeuza vitu hivyo karibu na soko. Tirso alikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni mgongoni kama mkoba wa shule. Mon akamtazama, akavuta kiti.

"Kaa, mzee. Nimesikia mnataka jenereta. Kwa mapafu hayo?"

"Binti ndiye anayetaka," nikasema.

"Mtaiweka wapi? Ukiiweka nje wataiiba kabla haijapoa. Ukiiweka ndani ya nondo za baraza, moshi utawamaliza nyote wawili mkiwa mmelala, na kesho tutakuja kunywa kahawa yenu ya msiba."

"Kahawa ya Ercilia ni nyepesi," Tirso akasema. "Msije kwa ajili hiyo."

Nikamwonyesha Mon kisanduku cheusi kilichokuwa juu ya kabati. Kilikuwa kizuri, kidogo, hakina kelele. "Na hiki?"

"Hicho ni cha kompyuta. Umeme ukikatika kinakupa nafasi ya kufunga kazi yako na kusema Baba Yetu. Ukifika 'amina' nacho kimezima. Mama, nyinyi mnataka inveta, ile ya kugeuza nguvu ya betri kuwa umeme wa nyumba, na betri nne. Siyo betri za gari. Ya gari ina nguvu ya kusukuma mara moja tu, kama ng'ombe wa kukodi. Hizi ni za kubeba mzigo polepole. Muwe mnaziongezea maji ya betri, yale ya chupa, siyo ya mvua na siyo ya bomba, na zitamlisha mzee kutwa nzima na zaidi."

Akatuonyesha kitufe chekundu ubavuni mwa inveta. Ikizidiwa na mzigo, alisema, inajizima yenyewe isiungue, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze pale. Nikabonyeza mara kadhaa, mpaka kidole kikazoea.

"Jambo la mwisho," Mon akasema, na sasa hakuwa anatania. "Betri haifi kwa njaa, hufa kwa wageni. Iwe ya mashine tu. Mkipitisha waya kwa jirani mmoja, mmeupitishia mtaa mzima."

Tirso alikohoa, akatazama ukutani. Mimi nilijua anafikiria nini.

Maana sisi wenyewe tuliishi kwa waya wa jirani kwa miaka mingi. Casimiro wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyetangulia kuwa na inveta, na kila umeme ulipokatika alitoa waya dirishani kwake, akaupitisha juu ya barabara, ukaja kuwasha taa yetu moja na redio ya Tirso ya kusikilizia besiboli. Hakutudai chochote. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Chumvi unaweza kumnyima mtu ukasema imekwisha, lakini waya haunyimwi, kwa sababu taa yako anaiona.

Mafundi waliifunga inveta kwenye korido, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Hawajamaliza kukusanya vyombo vyao, Nereyda akachomoza kichwa juu ya ukuta wa uani. Nereyda ni jirani yetu, ana saluni kwenye sebule yake, na ulimi wake una kasi kuliko mkasi wake.

"Mzee Tirso, hongera. Mmekuwa matajiri mkatuacha."

"Tajiri wa pumzi, mwanangu. Nyingine sina."

"Sasa tajiri, nami nipatie kawaya. Taa moja na feni, wateja wasiniyeyukie kwenye kiti."

"Mashine hii ni ya kumfanya mtu aishi, Nereyda," nikasema. "Siyo ya feni."

"Najua, mama. Nimeomba tu. Kuomba si kuiba."

Kichwa kikashuka. Tirso akanigeukia. "Ercilia, mtu hanyimwi waya."

"Umemsikia Mon."

"Nimemsikia. Casimiro naye angemsikia Mon, mimi ningesikiliza fainali zote zile kwa sikio gani?"

Tuligombana mpaka wali ukashika chini ya sufuria. Mwishoni nikakubali, lakini kwa sharti: taa moja na feni moja, draya ya nywele kamwe. Draya peke yake inakula kuliko mashine ya oksijeni mara nne au tano, Mon alikwisha kuniambia. Nereyda akaja mpaka mlangoni akaapa kwa kaburi la mama yake. Na nataka ieleweke kwamba aliushika ule mwiko. Miezi ilipita, umeme ukikatika na kurudi, na kila nilipochungulia juu ya ukuta niliona taa moja, feni moja. Wateja wenye nywele mbichi waliambiwa wangoje au warudi kesho, nao walimtukana yeye, siyo sisi.

Jambo moja tu nililizoea vibaya, nalo si langu peke yangu. Umeme ukikatika huku, inveta zote za mtaa huanza kulia, pi, pi, pi, moja huku, nyingine kule, kama vyura baada ya mvua. Siku za mwanzo unashtuka. Baadaye husikii tena.

Jumamosi ile ya Juni, transfoma ya kona ililipuka asubuhi, ikatoa moshi wa kijani. Watu wa umeme walikuja, wakaitazama, wakasema labda kesho, wakaondoka. Nikazima friji. Nikazima televisheni. Nikaacha mashine ya Tirso, na ule waya wa Nereyda. Kisha nikaupima mtungi wa akiba, nikakuta mshale umelala chini. Kama betri zingechoka kabla ya kesho, hatukuwa na kitu kingine.

"Nakwenda kubadilisha mtungi," nikamwambia Tirso. "Naenda na kurudi."

Alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, feni ya mkono kifuani. "Usiende kabla sijakutegea. Kitendawili."

"Tega upesi."

"Tunakula sote tangu kuzaliwa, hatushibi wala hatuchoki."

Ilikuwa pumzi. Hata mtoto angeijua. Lakini nikamwambia sijui, nipe nafasi, nitajibu nikirudi. Nilitaka awe na kitu cha kunidai.

Nilikuta foleni, kwa kuwa wagonjwa wa mtaa wetu hatukuwa na akili tofauti. Nilirudi saa ya jua kali, nyuma ya pikipiki, mtungi tumeufunga kati yangu na dereva kama mtoto. Mtaa ulikuwa unalia pi, pi, pi. Mbele ya saluni ya Nereyda alikaa msichana, Danilda, binti wa mwuza samaki, aliyekuwa anahitimu sekondari mchana ule. Upande mmoja wa kichwa nywele zilikuwa zimenyooka na kung'aa. Upande wa pili zilikuwa zimeloa bado, zimejikunja kwenye rola. Alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi.

Nereyda akatoka na chanuo mkononi. "Bi Ercilia, afadhali umerudi. Betri zenu zimeisha, tumezimika sote. Mzee atakuwa kwenye mtungi, eti?"

Mtungi ulikuwa mikononi mwangu. Nereyda aliuona, chanuo likamwanguka.

Betri hazikuwa zimeisha; za kutwa nzima haziishi kwa nusu siku. Nilijua hivyo kabla sijafungua mlango.

Tirso alikuwa koridoni, ameanguka kifudifudi, mkono umeelekea kwenye inveta. Bomba lilikuwa bado puani mwake, limekaza kutoka kwenye mashine mpaka usoni, limenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Lilikuwa halipulizi chochote, lakini hakulivua. Miezi yote ile nilimwambia usivue, usivue hata kidogo. Angelivua, angefika kwenye kitufe. Kati ya kidole chake na kile kitufe chekundu pangeweza kukaa kikombe cha kahawa.

Nilibonyeza. Mashine ikaamka, ikaanza kupuliza, nzima kabisa. Nikafungua na mtungi vilevile. Nereyda aliingia mbio, tukampindua, akamkandamiza kifua huku akilia, mpaka Casimiro akaja akamshika mabega akamwambia basi, mwanangu, basi.

Yaliyotokea nilielezwa na Danilda mwenyewe jioni ile, wakati majirani wanapanga viti na barafu inaletwa. Alisema sherehe ilikuwa imekaribia na kichwa chake kilikuwa nusu tangu transfoma ilipolipuka. Nereyda alikataa kuchomeka draya, akakataa tena. Ndipo Danilda akazunguka mpaka dirishani kwa Tirso, akamwomba mwenyewe.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Aliniuliza nahitimu somo gani. Nikamwambia hesabu. Akacheka. Akasema mwambie Nereyda nimeruhusu, dakika chache tu, mtu hanyimwi waya."

Draya iliwaka kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha kila kitu kikazimika. Waliisikia mashine ya Tirso ikilia, wakaisikia na inveta ikilia, na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unalia, wakasema maskini, betri za mzee nazo zimekwisha, wakakaa kungoja umeme. Danilda alisema aliisikia muda mrefu. Kisha alifunika kichwa kwa kitambaa, akakaa na wafiwa, na kwenye mahafali hakwenda.

Umeme ulirudi jua linazama, tukiwa kwenye rozari. Feni zikazunguka, redio za watu zikapiga kelele, na mtaa mzima ukashangilia, "Umekuja!" kutoka kilimani mpaka mtoni, kama siku zote. Kelele ile ilipofika karibu na nyumba yetu ikakatika, nyumba moja baada ya nyingine, watu walipokumbuka. Kule mtoni waliendelea. Hawakujua.

Yocasta alikuja akiwa na macho yaliyovimba. "Nilisema jenereta," aliniambia jikoni. Baadaye akataka jina la mtu wa kumpeleka polisi. Nikamwambia andika Tirso. Hakuniuliza tena.

Siku ya mwisho ya maombi, Nereyda alileta ule waya, ameukunja vizuri, ameufunga kwa utepe wa nywele. Aliuweka mezani, karibu na picha. "Sikustahili kuuomba, mama." Nilitaka kumwambia kwamba hakuvunja kiapo chake, kwamba aliyevunja ni marehemu. Akaondoka.

Mashine ya oksijeni waliichukua hospitali. Inveta imebaki, na betri zake nne ambazo mimi huziongezea maji ya chupa kama alivyosema Mon, kwa mazoea tu, maana hazina wa kumlisha. Umeme ukikatika, nyumba yangu ndiyo pekee upande huu inayowaka. Nakaa barazani mwangani kama mtu aliyewekwa dirishani mwa duka. Hakuna anayechomoza kichwa. Hakuna anayeomba kawaya. Hata Casimiro, ambaye betri zake zimekufa kwa uzee, hucheza domino zake kwa mshumaa na kujifanya anapenda hivyo.

Wiki iliyopita ulikatika saa za asubuhi, nikasikia wateja wa Nereyda wanalalamika joto. Nikachukua ule waya, nikachomeka upande mmoja koridoni, nikatoka uani nikaurusha upande wa pili juu ya ukuta.

"Nereyda," nikaita. "Feni."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nikangoja. Sikusikia mtu akija ukutani. Nilirudi jikoni nikamenya ndizi, nikapika, nikala peke yangu. Nilipotoka tena waya ulikuwa pale pale nilipourusha, na mpaka leo uko pale.