Kila Duara na Kundi Lake

Ignas alikufa siku ambayo watu walikuwa wanashangilia. Huo ndio uchungu ambao Aneth, mkewe, hakuwahi kumweleza mtu. Dhahabu ilikuwa imeonekana porini upande wa Geita, watu wakamiminika huko, na kila aliyefika alitoa simu mfukoni akajiandikisha kwenye Nimetoka, huduma ya ujumbe ambayo Aneth mwenyewe alikuwa mmoja wa walioijenga.

Huduma yenyewe haikuwa na mambo mengi. Mchimbaji anapotaka kuingia kwenye duara, yaani shimo lake, anatuma neno "nashuka" na kutaja muda atakaokaa. Akirudi juu anatuma "nimetoka". Muda ukipita bila neno la pili, mitambo inawapigia kelele wenzake wa duara lile na wa maduara ya jirani: nendeni mkamtazame.

Mitambo hiyo haikuwa pale ofisini kwao Kambarage, mjini Shinyanga. Zilikuwa kompyuta za kukodi, mbali huko, zinazofikiwa kwa mtandao, na ukihitaji nguvu zaidi unaongeza. Nao waliongeza. Kila watumiaji walipozidi walikodi kompyuta kubwa zaidi, lakini kanzidata, ghala la taarifa zote, ilibaki ileile moja, na foleni ya ujumbe ileile moja. Songwa, Segese, Geita, wote walipita mlango mmoja. Siku ile mlango ulijaa. Segese, mbali kabisa na vurugu za Geita, wenzake Ignas walikuwa wameenda kula wakati kifusi kilipomfunika, na ujumbe wa kuwaita ukakaa kwenye foleni nyuma ya majina ya watu waliokuwa wanajiandikisha kwa furaha. Ulipotoka, ulitoka vizuri tu, haukukosewa hata herufi. Aneth aliuona ukitoka. Alikuwa zamu.

Baada ya mazishi, mama mkwe wake, Sesilia, hakumlaumu. Afadhali angemlaumu. Mtoto wa kiume aliyembakia ni Ngusa, mdogo wake Ignas, naye alikuwa akichimba kwenye duara lilelile, chini ya mzee Maduhu. Pale kaburini Ngusa aliapa mbele ya watu kwamba hatashuka tena chini ya ardhi mpaka mama yake amruhusu. Sesilia akamgeukia mkwewe.

"Mama Lusia, mimi hayo mambo ya mitambo siyajui. Wewe unayajua. Siku ukiona haitachelewa kama ilivyochelewa, uje uniambie kwa mdomo wako, si kwa simu. Nitamruhusu. Kabla ya hapo, aswage ng'ombe."

Basi Aneth akarudi Kambarage na maneno hayo, akafanya kazi nayo karibu mwaka mzima.

Jambo la kufanya lilijulikana. Ilipasa kuukata mtambo ule mmoja mkubwa, yawe makundi madogo yanayojitegemea, kila kundi na kompyuta zake, kanzidata yake, foleni yake, ili kundi moja likizidiwa mengine yasihisi chochote. Mbele yao pangekuwa na kitu chepesi mno, kama mlinzi wa getini, kazi yake kutazama namba ya simu na kusema: wewe nenda kundi lile. Bujiku, mkuu wa ofisi, alikubali mara moja. Fredy, fundi mwenzake Aneth, kijana wa Bukoba asiyeweza kufanya kazi bila kusema, naye alikubali, ila kwa maneno mengi.

Walipofika kwenye swali la kugawa kwa kigezo gani, hakuna aliyefikiria mara mbili. Wakagawa kwa wilaya anakochimba mtu; akihama, namba yake inahamia kundi la huko. Kila kitu katika nchi hii kinagawanywa kwa wilaya: shule, kura, chanjo za ng'ombe. Kishapu wakapata kundi lao, Msalala, iliko Segese, lao, Geita lao. Fredy akalimwagia kundi la Geita ujumbe wa bandia mpaka likalala chali, na yale mengine yakaendelea kujibu kama hakuna kilichotokea.

"Umeona?" Bujiku alipiga makofi. "Sasa hata Geita waungue, Shinyanga hatunusi moshi!"

"Wasukuma bwana," Fredy akasema. "Mmetesti boma tupu, tayari mnacheza ngoma."

Aneth alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Wiki iliyofuata ilikuwa misa ya kumbukumbu ya Ignas. Alifunga mzigo akaenda Segese, akiwa na neno la kumpelekea mama.

Alilikuta boma limejaa watu. "Mwangaluka, shemeji!" Ngusa alimwamkia kwa Kisukuma akimpokea mzigo, akiwa amekonda kidogo na amechoka na ng'ombe. Baada ya misa wanaume wa duara walikaa pamoja upande mmoja, wakala bila kelele kama watu wanaokaa msibani. Aneth alikwenda kumsalimia mzee Maduhu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Lusia. Umefanya vizuri kuja. Na umetuwahi."

"Kuwawahi? Mnakwenda wapi?"

"Kesho tunahama wote. Kuna rashi nyingine, dhahabu imeonekana tena kule Geita, kubwa kuliko ile. Hapa Segese patabaki na wazee na kuku."

"Na wewe mwenyewe ni mzee," mmoja wao akamtania.

"Basi mimi nitakwenda kama kijana," Maduhu akajibu, na wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo wakarudi kwenye sahani zao.

Aneth alibaki amesimama na sahani mkononi. Rashi. Siku zote watu hawa walikwenda kulikoonekana dhahabu, wa Msalala, wa Kishapu, wa kutoka Singida na Kigoma. Alikuwa amezaliwa katikati yao, ameolewa katikati yao, na bado alikuwa amewagawa kama wakulima wa pamba ambao utawakuta pale ulipowaacha. Kesho kundi la Msalala lingekuwa na kompyuta zimekaa bure, na watu wote wangesongamana tena nyuma ya mlango mmoja, mlango wa Geita. Kama siku ile ile.

Sesilia alimwita ndani. Ngusa alikuwa amesimama mlangoni.

"Haya, Mama Lusia. Umekuja na neno?"

"Nilikuja nalo, mama." Aliweka sahani chini. "Sasa sinalo. Bado."

"Bado!" Ngusa alishika kichwa. "Shemeji, wenzangu wanaondoka kesho! Nafasi yangu atapewa mtu!"

"Najua."

"Hujui. Wewe unakaa kwenye kiti cha kuzunguka!"

"Ngusa," mama yake alisema, bila kupandisha sauti. Ngusa akatoka nje. Walimsikia akiwafokea ng'ombe ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Ofisini, Fredy alipoambiwa, alijitupa kwenye kiti. "Dada Aneth, tumeshagawa! Tumeshapima! Bujiku ameshawaambia watu!"

"Tumegawa ardhi, Fredy. Wanaotuma ujumbe ni watu."

"Sasa unataka tugawe kwa nini? Kwa kabila? Kwa herufi ya kwanza ya jina?"

"Kwa duara. Wanaoshuka pamoja wakae kundi moja popote waendapo, kwa sababu hao ndio watakaochimbuana. Wakihama Geita, wanahama na kundi lao. Kundi likifika kiasi tulichopima kwamba linakibeba, tunafunga mlango wake. Wageni wanafunguliwa jipya."

"Na maduara ya jirani? Majirani zao wakiwa kundi jingine?"

"Kundi moja litalipasha jingine habari. Neno moja tu: fulani hajatoka, yuko mahali fulani. Hilo ni jepesi."

Fredy akavuta kompyuta yake karibu akaanza kuandika. Bujiku ndiye aliyebisha. Wilayani walishazoea kupewa taarifa za wilaya yao, alisema; sasa atawapelekea nini, taarifa za kundi namba sita?

"Taarifa tutazikusanya jioni tuzipange kwa wilaya wanavyotaka," Aneth alisema. "Taarifa inaweza kusubiri jioni."

Bujiku alimtazama. Alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye mazishi ya Ignas. "Fanyeni," akasema.

Likabaki suala la nani ahamishwe kwanza. Wa kwanza ndiye anayekutana na makosa ambayo hayajaonekana, na kila fundi analijua hilo. Fredy alipendekeza wachimbaji wa Songwa. "Wachache, wapole, hata mambo yakiharibika hawapigi simu."

"Ndiyo maana si wao," Aneth alisema. "Tuanze na duara la mzee Maduhu."

"Dada. Hao si ndio..."

"Ndio hao."

Wakaanza nao. Kila ujumbe wa watu wa Maduhu uliandikwa kotekote, mtambo wa zamani na kundi jipya, na Aneth akawa analinganisha majibu, asubuhi na mchana, kama mtu anayeonja uji wa mgonjwa. Siku moja kundi jipya lilishindwa kusoma muda, mtambo wa zamani ukalishika kosa, wakarekebisha. Baadaye hapakuwa na tofauti tena. Waliufunga mlango wa zamani kwa watu wale, wakaendelea na duara jingine, na jingine, mpaka mtambo mkubwa ukabaki hauna mtu.

Aneth alipanda basi kwenda Segese. Alimkuta Sesilia anapepeta mtama, akaketi chini karibu naye.

"Mama, nimekuja na neno. Lakini si lile ulilotaka."

"Sema tu."

"Siwezi kukuambia haitakwama kamwe. Ninachokuambia ni hiki: ikikwama kwa watu wengine, haitakwama kwake."

Sesilia aliendelea kupepeta. "Na ikikwama kundi lake?"

"Atakwama nalo, mama. Kundi ni dogo, tutaliona mapema. Lakini atakwama."

Ungo ulisimama. Mama yule alitazama mlango wa zizi, ambako Ngusa alikuwa akijifanya hasikii. "Ungeniambia haitakwama, nisingekuamini," alisema mwishowe. "Ngusa! Njoo umuage mama yako."

Maduhu alikuwa amemwekea nafasi.

Rashi ile ilizidi kuvimba. Ikafika asubuhi ambayo watu walimiminika kwa wingi ambao hata Aneth hakuukadiria, wote wageni, wote wakiingizwa kwenye kundi jipya kabisa, na kabla mlango wake haujafungwa likazidiwa. Pale kwenye kioo cha kompyuta mstari wake ulipanda, ukawa mwekundu, ukakataa kushuka. Mistari mingine yote ilikwenda kama kawaida. Kwenye kundi la Maduhu jina la Ngusa lilikuwa limeshuka, na muda wake ulikuwa unakaribia. Kisha likaja neno: nimetoka.

Aneth aliinamisha kichwa mezani. Simu yake ikaita wakati huohuo.

"Mama Lusia," Sesilia alisema, "redio inasema huko kumefurika watu. Mtoto wangu?"

"Ametoka, mama. Ametuma sasa hivi. Kundi lake halikuguswa."

Akasikia pumzi ndefu ikitoka upande wa pili, na kuku, na mtu akitwanga. Alidhani mama atalia. Badala yake aliuliza, polepole:

"Kundi gani liliguswa?"

"La wageni. Waliofika leo."

"Nao wana mama zao?"

Aneth alinyanyua kichwa. Kwenye kioo, ndani ya ule wekundu, kulikuwa na maduara mawili ambayo muda wake umepita na kengele zake bado zimo foleni.

"Basi unafanya nini na mimi kwenye simu?" Sesilia alisema, na akakata.

Aneth akamgeukia mwenzake. "Fredy, funga mlango wa wageni. Fungua makundi mawili mapya, uhamishe nusu. Mimi nazitoa hizi kengele kwa mkono."

"Majina ninayo, dada. Nasoma."

"Soma."

Fredy akasoma jina la kwanza. Aneth akapiga namba ya duara la jirani yake, ikaita, ikaita tena, na mwanamume akapokea katikati ya makelele, akiuliza nani mwenzangu.

"Unaongea na Nimetoka," Aneth alisema. "Nenda kamtazame jirani yako. Usikate simu. Nenda ukiwa unaniambia."