Akidi ya Dolma

Nimekaa miji mingi, na kote jenereta ni mashine. Katika kichochoro chetu cha Baghdad, jenereta ni nchi.

Nyumba kumi na mbili zilichanga zikainunua. Kwa kuwa kila mtu alimwogopa jirani yake asije akaishika peke yake, wakakubaliana iendeshwe kwa katiba, na Haji Dakhil, karani mstaafu wa mahakama, akainakili ya taifa karibu yote. Tukawa na spika, rais, waziri mkuu, na mahakama ya shirikisho, yaani Haji Dakhil mwenyewe akishavaa miwani. Rais achaguliwe wakiwepo theluthi mbili ya wenye nyumba, ndiyo akidi, kisha rais aiite kambi kubwa kuliko zote iunde serikali. Nyumba tano za juu, kwenye tanuri la mikate, zilikuwa na kijijenereta chao tangu zamani, basi zikaitwa jimbo. Zilijitawala, ila mgao wa dizeli ya shirikisho zilikuwa hazikosi kuudai.

Julai ilitukuta muhula umekwisha na hatuna rais mpya. Jimbo lilisusia vikao mpaka mgao uongezwe, na nyumba saba za chini, ukizihesabu unavyotaka, hazifiki nane. Hapo ndipo mkanda wa jenereta ulipokatika. Serikali iliyomaliza muda wake ikasema yenyewe imebaki na shughuli za kila siku tu. Mkanda mpya unataka bajeti, na bajeti inataka serikali mpya.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha darini kwa Umm Ghazwan, mjane aliyekuwa anamuoza binti yake Rusul siku ya Alhamisi. Wakwe wanatoka Hilla, joto linapasua kichwa, na nyama kwenye friji imeanza kulegea. Alitaka anunue mkanda kwa pesa yake. Haji Dakhil akavaa miwani, akamwambia raia kugusa mali ya shirikisho bila idhini ni mapinduzi.

Jumatano mchana Umm Ghazwan akapika dolma sufuria zima, vitunguu na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali na nyama, akaalika wenye nyumba wote. Jimbo nalo likaja, maana kususia kikao ni siasa, lakini kususia chakula cha harusi ni kutukanana. Abu Sinan, mkubwa wa jimbo, akakaa karibu kabisa na sinia. Vidole vilipokwisha kulowa, Umm Ghazwan akamwomba Haji Dakhil awahesabu waliopo.

Abu Sinan akaelewa. Akasimama, akisema yeye amekuja kula, hakuja kikao. Haji Dakhil akajibu kwamba katiba inauliza nani yupo, haiulizi kafuata nini. Watu wa jimbo wakainuka, wakafika mlangoni, wakageuka nyuma. Hatim kinyozi, mwenzao, alikuwa bado amekaa.

"Hatim, inuka," akaita Abu Sinan.

"Nakuja, kaka. Ngoja nimalize hiki cha kitunguu."

"Wewe ndiye wa nane, mpumbavu wewe!"

"Basi hesabuni," akasema Hatim, akachukua kingine.

Wakahesabu. Umm Ghazwan akawanong'oneza wa chini, nao wakamchagua Abu Sinan kuwa rais, pale pale akiwa mlangoni na viatu mkononi. Alikataa kwanza, kama inavyopasa, kisha akarudi akakaa mahali pa juu.

Furaha haikudumu. Wa chini wakaanza kubishana ni kambi ipi iliyo kubwa kuliko zote, ya ndugu wa Haji au ya wauza vitambaa, na Haji Dakhil akasema rais peke yake hana mamlaka ya kununua hata skrubu.

"Sasa rais ni wa kazi gani?" akauliza Umm Ghazwan.

"Ni heshima ya nchi, mama."

Akamgeukia Abu Sinan, taratibu kabisa. "Abu Sinan, ndugu yangu. Kesho wakwe zangu wakimvisha mwanangu dhahabu gizani, jasho likiwatiririka, huko Hilla watasema kichochoro hiki rais wake nani?"

Abu Sinan akairudisha dolma yake kwenye sinia. Halafu akavaa viatu akatoka, na aliporudi alikuwa na mkanda mweusi begani. Ulikuwa wa kijijenereta cha jimbo. Haji Dakhil akaupima kwa macho, akauita msaada wa jimbo kwa shirikisho, akaruhusu ufungwe.

Alhamisi feni zilizunguka, taa zikawaka, Rusul akavishwa dhahabu yake. Nyumba tano za juu zilikuwa giza tupu, basi jimbo zima, wake na wajukuu na bibi zao, likateremka kwetu kutafuta ubaridi, likakaa, likala. Wakwe kutoka Hilla walipata wali na mchuzi tu, nyama imekwisha. Umm Ghazwan hakujali; alikuwa anacheza.

Serikali bado haijaundwa. Mkanda upo pale pale, kwa muda, na Abu Sinan sasa anaudai mgao wa dizeli kwa cheo cha rais.