Jina Nililolifuta kwa Tupa

Nina miaka sitini na tatu, na arobaini kati ya hiyo nimeipitisha hapa Osafune, mji wa wahunzi wa panga, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mawe ya kunolea, nang'arisha panga za kale. Watu huniletea pia wanapotaka kujua kama jina lililochongwa kwenye upanga ni la mhunzi mwenyewe au la mwongo fulani aliyepita baadaye. Nasema haya mapema mjue kwamba sikuwa mjinga wa kazi. Nilikuwa mjinga wa mtu.

Jina huchongwa kwa tindo kwenye mkia wa upanga, ile sehemu inayozama ndani ya mpini, usiyoiona mpaka uchomoe kijiti cha mwanzi kinachoushikilia. Mkia haung'arishwi kamwe. Kutu yake ndiyo shahidi. Kama jina ni la kweli, kutu nyeusi imelala hadi chini kabisa ya mchongo, kwa sababu jina na chuma vimezeeka pamoja.

Aliyenifundisha hayo ni Mwalimu Kageyama. Alikuwa na upanga wa Haruzane, mhunzi wa hapa hapa kwetu aliyekufa miaka mia saba iliyopita, na panga zake zenye jina hazijazi vidole vya mkono mmoja. Kila Januari wanafunzi tulikusanyika kwake. Tuliinama mbele ya upanga, naye akautoa mpini, akaushika mwenyewe chini ya taa.

"Tazameni mstari wa tatu wa mchongo," alikuwa akisema. "Tindo imeanzia kulia. Haruzane alianzia kulia. Akikujia mtu na Haruzane wa kushoto, mpe chai, mrudishe kwao."

Tulicheka, tukainama tena, tukanywa chai. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuushika. Kwetu mwanafunzi haombi kushika upanga wa mwalimu wake, kama asivyoweza kumuuliza mke wa mwalimu ana miaka mingapi.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, Nishio alikuja karakanani kwangu na upanga wa ukoo wao. Nishio tumesoma naye tangu darasa la kwanza. Ni mkulima wa matunda ya pichi, mtu wa maneno mengi na kofia chafu, na siku ile alikuwa amevaa koti.

"Mizoguchi, baba hana siku nyingi," alisema. "Anataka upanga upate cheti cha kuthibitisha jina kabla hajafumba macho. Wazee wetu wote wamesema ni Haruzane. Wewe tazama tu, useme ndiyo, nirudi nikamwambie."

"Kama ni ndiyo nitasema ndiyo."

"Bwana wee, usinitishe."

Nilitazama siku tatu. Nikaweka karatasi juu ya mkia, nikaisugua kwa wino mpaka jina likatokea, nikaandika pembeni kwa penseli yote niliyoyaona. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mstari wa tatu. Ulianzia kushoto.

Sikutaka kuamua peke yangu. Nilikwenda na ile karatasi kwa Mwalimu, nikaikunjua mbele yake. Aliitazama muda mrefu sana. Kisha akasema, "Macho unayo. Ulinganishe na wangu, ujijibu mwenyewe." Nilitoka pale nimejaa fahari. Niliona ameniamini.

Nilipomwambia Nishio, alivua kofia akaishika kifuani.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Jina la uongo kwetu ni aibu iliyobandikwa kwa upanga usio na kosa. Mwenye upanga akiambiwa, hulifuta kwa tupa, upanga ubaki bila jina lakini msafi. Mzee Nishio alikataa. Alisema liachwe, afe nalo. Nishio akambembeleza wiki nzima: "Mizoguchi ni rafiki yangu, baba, hawezi kunipoteza." Mwishowe mzee aligeukia ukutani akasema fanyeni mtakavyo. Nililifuta mimi mwenyewe, kwa heshima ya urafiki. Ilinichukua dakika kumi. Mzee alikufa mwezi uliofuata na hakuomba tena kuuona upanga. Nishio hakunilaumu hata siku moja. Kila Julai aliniletea boksi la pichi nyeupe, kila moja imevikwa karatasi laini, akasema ni za mtu aliyemwambia ukweli.

Sasa nifike mwaka huu. Mwezi wa nne Mwalimu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Akiwa amelazwa hospitali mjini Okayama, binti yake alinijia na upanga umefungwa kwa kitambaa cha hariri. Baba yake alikuwa anakaribia miaka themanini na minane, umri ambao kwetu lazima ufanyiwe sherehe, na alitaka kumshangaza: upanga ung'arishwe, utolewe kwa hekalu kwa jina la baba.

"Yeye hajui," alisema kwa furaha. "Usimwambie, tafadhali."

Nilinawa mikono, nikainama, nikauchomoa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa peke yangu na upanga ule, mchana, karibu na dirisha. Nikagonga kijiti cha mwanzi, nikautoa mpini, nikaweka kioo cha kukuzia kwenye jina.

Nilifikiri macho yangu yamechoka. Nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Mkia ulikuwa na kutu nyeusi, nzito, ya kweli. Upanga wenyewe ulikuwa wa kale. Lakini tindo ilikuwa imeipasua ile kutu, kingo zake bado zinaonekana zimemeguka, na ndani ya mchongo kutu ilikuwa nyekundu, changa, imepakwa rangi ya chai ili ifanane. Jina lilichongwa juu ya uzee wa chuma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona, kama angeruhusiwa kushika.

Halafu nikaona mwisho wa kila mstari. Palikuwa na alama mbili ndogo zilizofuatana, kama mtu aliyegonga, akateleza, akagonga tena. Niliinua macho nikatazama bamba la shaba juu ya mlango wa karakana. Lina jina langu. Mwalimu alinichongea siku niliyohitimu. Kidole gumba chake cha kushoto kilivunjika ujanani na hakikupona sawasawa, kwa hiyo tindo humteleza kila anapomaliza mstari. Kwenye bamba langu kila mstari una alama mbili.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nimekitundika juu ya mlango, nikikiinamia kila asubuhi.

Nilifungua kabati nikaitafuta karatasi ya upanga wa Nishio. Pembeni, kwa penseli, kwa mkono wangu: *Kutu nyeusi hadi chini ya mchongo. Kingo laini, zimezeeka. Hakuna dalili ya kuguswa. Mstari wa tatu hautofautiani na mwingine ila unaanzia kushoto.* Nilikuwa nimeandika ukweli wote, kisha nikauamini uongo mmoja. Sioni haya kusema nililia.

Siku ya pili nilikwenda hospitali. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, anakula uji wa wali kwa kijiko. Sikuinama. Aliona.

"Binti yangu amekuletea," alisema.

"Ulichonga lini?"

Aliweka kijiko chini taratibu. "Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa sijulikani na mtu. Upanga ni mzuri, Mizoguchi, huwezi kukataa. Ulikosa jina tu."

"Na kulia? Kwa nini mstari unaanzia kulia?"

"Kidole," alisema, akanionyesha kile kidole kilichopinda. "Kushoto kulinishinda."

Muuguzi akaingia, akatusalimia, akachukua bakuli, akatoka.

"Nilikuletea karatasi ya Nishio," nikasema. "Uliitazama."

"Niliitazama."

"Ulijua jina ni la kweli?"

"Ulipoikunjua tu nilijua. Sijawahi kuona jina zuri vile." Macho yake yalilowa, na nilimchukia zaidi kwa machozi yale. "Ningesema nini? La kina Nishio likipona, langu linakufa. Halafu sikusema uongo. Nilikwambia ujijibu mwenyewe."

"Uliniacha nishike tupa."

"Mwanangu…"

"Usiniite hivyo."

Aligeukia dirisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba maji, "Lifute. Ndiyo desturi. Lifute, umwambie binti yangu lilikuwa na hitilafu. Usimwandikie mtu yeyote."

"La kina Nishio nililifuta kwa dakika kumi," nikasema. "La kwako litabaki pale pale, na kwenye karatasi yake nitaandika kila nilichokiona, pamoja na kidole."

Nilitoka. Kwenye korido nilikaa karibu na mashine ya vinywaji mpaka mtu akaniuliza kama ninatafuta wodi fulani.

Siku hiyo hiyo alasiri nilikwenda kwa Nishio. Nilimkuta shambani, juu ya ngazi, anavika pichi changa mifuko ya karatasi.

"Haa, Mizoguchi! Umekuja mapema, hazijaiva. Njaa gani hiyo?"

"Shuka, Nishio."

Tuliingia ndani. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikaweka paji la uso chini, nikamweleza yote nikiwa hivyo hivyo, bila kuinua kichwa: upanga wa Mwalimu, kidole, hospitali. Nikasema neno langu ndilo lililoua jina la ukoo wao, na mkono wangu ndio ulioshika tupa. Nikaisukuma karatasi mbele yake kwa mikono miwili. Ndiyo mahali pekee jina lile lilipobaki duniani.

Nilisikia Nishio akiinuka, akifungua kabati, akichomoa kijiti cha mwanzi. Alikuwa anaweka mkia mtupu wa upanga kando ya karatasi.

Kisha akaichukua karatasi, akaenda mbele ya madhabahu ya nyumbani, palipo na picha ya baba yake, akaisimamisha hapo. Akagonga kengele mara moja.

"Baba," alisema, "ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekubembeleza."

Nilibaki nimeinama. Aliporudi alisimama juu yangu, nikaona vidole vya miguu yake, bado vina udongo wa shamba.

"Inuka," alisema. "Umesema ukweli, nimesikia."

Nikainuka. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kama siku ile.

"Ila mwaka huu," akasema, "pichi usizingojee."