Salama kwa Chakula

Jumanne ya pili ya Julai 1998, saa nne kasoro robo asubuhi, Kunegunda Nyoni aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikunja mara nne, akawasha mashine na kuanza kutengeneza lebo ya dawa ya mahindi. Duka lilikuwa la Mzee Hironimus, hatua chache kutoka soko kuu la Songea, na ukutani palikuwa na orodha ya kazi zake: kadi za harusi, za kipaimara na komunio ya kwanza, lebo, kalenda, na kadi za marehemu. Hizi za mwisho ndizo zilizolipatia duka jina. Wakatoliki wa pale wanapenda kumweka mtu wao ndani ya kitabu cha sala, picha ndogo, tarehe mbili na ubeti wa wimbo, ili kila Jumapili wakifungua kurasa wakutane naye.

Lebo ilikuwa ya Bwana Rupert, muuza pembejeo, mmoja wa wale walioibuka baada ya serikali kujitoa kwenye biashara na kusema kila mtu auze anachokipata. Alitaka lebo ya mfuko wa robo kilo, yenye rangi ya njano na kijani, dumuzi, yule mdudu wa ghalani, amelala chali miguu juu, na pembeni hindi zuri. Kunegunda alichora vyote bila tabu. Alipoandika mstari wa mwisho, "salama kwa chakula," kioo kiliganda. Kikatokea kisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza, na programu ikajifunga yenyewe.

Alianza upya, ikajifunga tena. Mara ya tatu alitazama kwenye folda ambako programu huacha mabaki yake ikizimika ghafla, akakuta mafaili matatu asiyoyajua. La kwanza lilikuwa kadi ya marehemu, imekamilika kila kitu, na maua upande wa kushoto kama alivyozoea kuyaweka yeye. Picha ilikuwa ya Kajetani Mbawala, mfyatua matofali wa Mshangano. Tarehe ya pili ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

Kunegunda mwenyewe alikuwa mtu wa Mshangano, na asubuhi ile alikuwa amempita Kajetani barabarani, akamwamkia, akaitikiwa marahaba. Kwenye picha Kajetani alivaa koti la kahawia ambalo hakuwa nalo. Kunegunda aliogopa. Hakupiga kelele wala kukimbia. Ulikuwa ule woga unaomfanya mtu aulize choo kiko wapi katika jengo analolifahamu.

"Ni umeme," alisema Mzee Hironimus. Alikuwa karani wa serikali mpaka alipopunguzwa kazini, akanunua mashine ile kwa kiinua mgongo chake chote, na kwa maoni yake hapakuwa na tatizo duniani ambalo halikuanzia kwenye umeme. Alipotafsiriwa ule ujumbe, kwamba programu imefanya kitendo kinyume cha sheria na itafungwa, alikwenda kurudisha mlango nusu, asije akapita mtu wa leseni.

Siku ya Alhamisi mtoto wa Kajetani alimtumia baba yake koti la kahawia kwa basi la Dar es Salaam. Ijumaa Kajetani alilivaa, akala ugali wa mchana, akaanza kutapika saa tisa, na saa moja jioni alikuwa amekufa. Jumamosi dada yake, Suzana, alifika dukani kuagiza kadi. Kunegunda alimkabidhi ile iliyokuwa tayari. Suzana aliisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaikagua mbele na nyuma.

"Mmemtoa vizuri," alisema. "Niongezeeni thelathini. Tuna ndugu Hanga."

Wiki ile mashine ilijifunga mara kumi na moja na kuacha kadi kumi na moja. Zote, zilipotoka, zilikuwa za watu waliokuwa bado wanatembea. Ya Zabibu wa Nalasi, kule Tunduru, haikuwa na picha wala maua. Ilikuwa tangazo la kisomo cha arobaini tu, limepangwa kwa adabu, kwa kuwa mashine ilijua nani ni nani. Habari zilienea mjini kama zinavyoenea habari za mashine mpya ya kusaga. Watu walianza kuchungulia dirishani wakienda sokoni, na wengine waliingia kabisa, wakauliza kama kuna chao, wakaambiwa hakuna, wakashukuru na kwenda zao. Kunegunda ndiye aliyefungua lile folda kila asubuhi, na kila asubuhi mikono yake ilikuwa baridi kuliko Julai ya Songea inavyotaka. Alikuwa anatafuta jina moja tu, la mama yake, Devota, aliyeishi peke yake Mshangano na kihenge chake cha mahindi. Akishaona halipo, alikunywa chai.

Fundi aliitwa Aidan. Alijifunza umeme Hanga kwa mabruda, na kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kuziharibu. Alifungua boksi, akapuliza vumbi, akachomoa kumbukumbu na kuirudisha, akakagua diski usiku na mchana. Akaondoa fonti zote zaidi ya mbili. Mashine ikajifunga vilevile, ikatoa kadi ya kumi na mbili. Aidan aliisoma, akaiweka kando, akasema kadi si tatizo. Kadi ni dalili. Tatizo lazima litafutwe kwa utaratibu.

Utaratibu wake ulikuwa wa kuchosha na wa hakika: ondoa kitu kimoja kwenye lebo, jaribu, kirudishe, ondoa kingine. Waliondoa dumuzi, mashine ikazimika. Waliondoa hindi, ikazimika. Waliondoa rangi ya njano, kisha ya kijani, kisha jina la Bwana Rupert na sanduku lake la posta. Ikazimika, ikazimika, ikazimika, na kila mara mtu mmoja wa Songea au wa Tunduru alipata tarehe. Kunegunda alimwomba waache. Alisema hawezi tena kubonyeza.

"Dada, tukiacha katikati hatutajua," alisema Aidan, naye hakuwa mtu mbaya.

Walipoondoa yale maneno matatu ya mwisho, mashine ilitulia. Walihifadhi faili, wakalifunga, wakalifungua. Walikunywa soda nzima na mashine ikiwaka. Aidan akarudisha maneno, ikazimika. Akaandika mahali pake "si salama kwa chakula," na mashine ikahifadhi upesi kuliko ilivyowahi kuhifadhi kitu chochote tangu inunuliwe.

Bwana Rupert alipokuja kuulizia kazi yake, Aidan alimuuliza kuna nini ndani ya mifuko. Hakuficha. Hakuwa na sababu ya kuficha.

"Ni ile dawa ya tumbaku iliyobaki kwenye ghala la serikali walilouza," alisema. "Ilikuwa inaoza bure."

"Iliisha muda lini?"

"Tisini na tatu. Lakini fundi, mdudu hasomi tarehe. Nimeshatoa mifuko michache ya nailoni tupu kupima soko, Mshangano na huko Tunduru. Dumuzi anakufa."

"Na watu?" aliuliza Kunegunda.

"Watu wanataka lebo," alijibu Bwana Rupert. "Nailoni tupu hawaiamini."

Kunegunda alichapa kadi zote, akazifunga kwa mpira, akazipeleka kwa bwana mkubwa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukagua dawa za mashambani. Alikuwa mtu mpole. Alizisoma zote kwa zamu, akasikitika kwa wawili aliowafahamu. Kisha alieleza kwamba kadi yenye tarehe ambayo haijafika si ushahidi, na ikishafika ni suala la paroko. Kuhusu dawa, hayo ya kukagua yalikuwa mambo ya zamani. Siku hizi soko lenyewe ndilo linalokagua. Alimrudishia kadi pamoja na ule mpira.

Aliporudi dukani aliwakuta wale wanaume watatu wamekizunguka kioo. Aidan alikuwa amepata dawa. Programu ile ina uwezo wa kuchukua maandishi na kuyageuza mchoro, alieleza. Herufi zinabaki na sura yake, lakini kwa mashine zinakuwa mistari na mikunjo tu, kama dumuzi, kama hindi. Mashine haitasoma kitu, kwa hiyo haitakuwa na la kukataa. Wachapaji wote hufanya hivyo fonti zikisumbua.

"Andika maneno kwenye faili jingine tupu, yageuze, uyalete hapa," Aidan alimwambia. "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

Kunegunda alisema watu watakufa. Alilisema waziwazi, kwa sauti yake ya kawaida, na wote watatu walimsikia.

"Wanakufa na nailoni tupu," alisema Mzee Hironimus. "Kazi hii ikitushinda, nafunga duka. Wewe utakwenda wapi, mwanangu? Na mimi je?"

Alikaa. Aliyaandika maneno, akayageuza, akayasogeza mahali pake chini ya hindi. Alifumba macho akisubiri kioo kigande. Hakikuganda. Printa ilianza kunguruma, na kabla ya jua kuzama lebo elfu nne zilikuwa zimefungwa kwenye magazeti.

Baada ya hapo mashine haikujifunga tena, na kwa kuwa haikujifunga haikuacha kadi. Mzee Hironimus alimsifu Aidan kwa kila mtu. Watu walioacha kuona vifo kwenye kioo walivikuta makwao kama zamani, ghafla, wakaja dukani kuagiza kadi kwa utaratibu wa kawaida. Julai ikaisha na kadi thelathini na sita, Agosti ikaanza vibaya zaidi. Kunegunda alizitengeneza zote. Woga wake, ambao zamani ulikuwa wa asubuhi tu, sasa ulikaa kutwa, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kutazama. Alikuwa amemwonya mama yake mapema asinunue dawa yoyote ya nailoni, naye mama aliahidi.

Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya misa, alimkuta mama yake uani anapepeta mahindi. Alimwamkia. Juu ya mlango wa kihenge, mama alikuwa amebandika lebo ya njano na kijani kwa gundi ya ugali.

"Marahaba, mwanangu. Umeiona? Nilikuwa sokoni nikaona lile hindi, majani matatu, moja limekunjika. Nikasema huyu ni Kunegunda, ndivyo alivyokuwa anadarizi vitambaa vyangu. Nikanunua mifuko miwili."

"Nilikukataza, Mama."

"Ulinikataza ya nailoni. Hii imeandikwa salama, na umeiandika wewe."

Alikuwa anakula mahindi yale kwa wiki mbili sasa. Kunegunda alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisani, akalia. Mama alimwacha alie, akamaliza kupepeta ungo mmoja. Kisha akasema kwamba kulia bila kujua si kazi. Aende dukani akatazame kama yake imetoka. Alimwomba jambo moja: wasiweke picha ya kadi ya kura, waweke ile ya jubilei.

Jumatatu Kunegunda alifika kabla ya Mzee Hironimus. Alifungua faili la lebo, akafuta ule mchoro, akaandika maneno matatu kwa herufi za kweli, moja baada ya nyingine. Kioo kiliganda. Hakuwahi kufikiri kwamba angekishukuru. Kwenye folda palikuwa na kadi moja: Devota Nyoni, picha ya jubilei, Jumatano ya wiki iliyofuata.

Alilifuta faili, likarudi. Alibadilisha mwaka akaweka 2020, programu ikajifunga na kumrudishia Jumatano. Alijaribu mwaka ujao, kisha mwezi ujao, kisha Alhamisi, siku moja tu mbele. Ilikataa Alhamisi. Mwishowe alikwenda sokoni kutafuta mahindi mengine ya kumpelekea mama yake, akanusa gunia baada ya gunia, na yote yalikuwa na harufu moja. Wauzaji walimwonyesha lebo kwa fahari.

Alirudi dukani akaandika barua ya kuomba ruhusa ya msiba kuanzia Jumatano ya wiki ijayo, siku nne, na siku tisa za kabla yake kwa ajili ya kukaa na mgonjwa ambaye bado hajaugua. Mzee Hironimus aliisoma, akampa pole, akatia sahihi. Bwana Rupert alikuwa amekaa kwenye benchi na oda mpya, lebo elfu ishirini, safari hii na Mbinga pia. Alikuwa ameiona kadi ya Devota kwenye kioo na ilimpendeza.

"Hizo herufi za jina la mama," alisema. "Zina heshima. Mtu akiziona anaamini. Nitilieni hizo kwenye yale maneno ya chini."

"Kabla hujaondoka, Kunegunda," alisema Mzee Hironimus. "Ni kubonyeza mara moja tu."

Alibonyeza. Maneno yakawa mistari na mikunjo, mashine ikahifadhi, na yeye akachukua sweta lake akaenda Mshangano kumpikia mama yake chakula cha mchana.