Komeo la Nje

Mtaani walimwita Mzee Funguo, na jina hilo halikutoka hewani. Nusu ya milango ya mtaa ule aliiwekea vitasa yeye, na aliyepoteza ufunguo alijua pa kukimbilia. Lakini mganga hajigangi. Sasa Mzee Funguo alikuwa anafungiwa chumbani na mwanawe wa kumzaa, kwa kitasa alichokiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa lake? Alichelewa kurudi. Alikutana na mteja wa zamani nje ya duka la nguo, wakaketi kwenye benchi, wakapiga soga hadi giza likaingia. Kijana akifanya hivyo huambiwa ana marafiki. Yeye aliambiwa amepotea, akili zimeanza kumtoka, na mkwewe akalia mbele ya majirani. Asante ya punda ni mateke, ila punda hakulilii machozi akishakupiga. Kuanzia kesho yake, mwana na mkewe wakienda kazini, ufunguo ulizungushwa kwa nje. "Kwa usalama wako, baba." Wale wanaosema utu uzima dawa wangekuja kuona dawa yenyewe inavyofungiwa kabatini.

Ila walisahau wanamfungia nani. Gari lao likishaondoka, mzee alichomoa chini ya godoro waya wa mwavuli mbovu, akakitekenya kitasa mpaka kikacheka. Akachemsha chai yake, akafungua na mlango wa mbele, akaketi barazani kusalimiana na wapita njia. Jioni ikikaribia alisuuza kikombe, akarudi chumbani, akajifungia kwa waya uleule. Walimkuta kitandani, kama mzigo pale walipouacha. Saa hizo za barazani ndizo zilizokuwa maisha yake. Zilizobaki alikuwa anahifadhiwa tu.

Ndipo akaja mtafiti, msichana wa chuo mwenye begi mgongoni, anapita nyumba kwa nyumba kuuliza jinsi wazee wanavyodharauliwa na kunyanyaswa na watu wao. Alimkuta barazani.

"SHIKAMOO, BABU!" alipiga kelele sikioni kwake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Masikio mazima, magoti ndiyo mabovu."

Msichana akacheka, kisha akaendelea kupiga kelele vilevile. Anashiba? Anapigwa? Anatukanwa? Alipofika kwenye swali la kufungiwa ndani, mzee alitupa jicho njiani, huku na huku. Moyo ulikuwa umejaa hadi pomoni.

"Nikisema, mwanangu atajua?"

"Hatajua mtu, babu. Siri yako ni siri yangu."

Basi akamwaga yote, akamwonyesha na waya. Msichana akapiga makofi, akamfinya shavu. "Babu mtundu wewe!" Na mzee, masikini, akafurahi. Ilikuwa zamani tangu mtu aisifu kazi yake.

Jumapili msichana akarudi kuhoji familia. Mzee aliambiwa akapumzike chumbani, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa juu yake. Akasimama nyuma ya mlango, akasikiliza.

"Kumuuliza baba ni kupoteza muda, dada," mwanawe alisema. "Akili imekwisha. Hata jiko hawezi kuwasha."

Msichana akapandwa na hasira, hasira nzuri ya mtu mwema. "Kaka, huko ndiko kuwadharau wazee! Akili imekwisha? Mzee huyu anafungua kitasa kwa waya wa mwavuli! Mkitoka anatoka, anapika chai yake, anajifungia tena. Nani kati yetu anaweza?"

Kijiko cha mkwe kikaacha kukoroga. Msichana akajishika mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliaga upesi upesi bila kumtazama mtu machoni.

Hakuna aliyemfokea mzee. Afadhali wangemfokea. Mwanawe aliingia, akanyoosha mkono, kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto gololi, akapokea waya. Kisha akaenda dukani, akarudi na komeo la chuma, la kufungwa kwa nje, mahali ambapo hakuna waya unaofika.

Mlango ukarudishwa, kazi ikaanza. Mzee alisikia skrubu zikidondoka sakafuni na mwanawe akizilaani. Mtoto huyu hakuwahi kujua kushika bisibisi. Kisha akasikia skrubu ikiingia laini, bila ubishi wowote, akajua mara moja: inaingia pale juu ya fremu, ambapo mchwa wameshakula. Komeo lingeshika mpaka kesho asubuhi. Bega moja tu, hata bega la mzee, lingeling'oa. Alichotakiwa ni kunyamaza.

"Baba," sauti ikaja kutoka nje. "Eti baba, hapa patashika, au nilishushe?"

Tangu jioni ile ya benchi, ndani ya nyumba ile hakuna aliyemuuliza jambo. Chai aliletewa bila kuulizwa sukari. Taa alizimiwa bila kuulizwa kama amemaliza kusoma. Mzee aliweka kiganja kwenye mlango.

"Lishushe, mwanangu," alisema. "Hapo pana mchwa. Shuka hadi kwenye mbao ngumu, toboa kwanza, kisha weka zile skrubu ndefu."

"Hapa?"

"Chini kidogo. Ehe, hapohapo. Kaza."

Mwana akakaza. Alipomaliza akalisukuma komeo kulijaribu, likaingia mahali pake bila kusita.

"Asante, baba," alisema.