Kikofia cha Kisigino

Kwa miaka kumi na tisa Trevor Oldroyd alikuwa akiunda gari, na kwa miaka hiyo hiyo mkewe Glenys alikuwa akianika nguo sebuleni kwa sababu banda halikuwa na nafasi hata ya kamba. Gari lilikuja vipande vipande kwenye makasha kumi na manne, pamoja na kitabu cha maelekezo kilichoahidi kwamba mtu mwenye akili timamu angelimaliza kwa wikiendi thelathini. Glenys alikihifadhi kitabu hicho kama ushahidi.

Krismasi iliyopita, wakiwa mezani, kaka yake Glenys aitwaye Raymond, muuza miche ya maua, alimchokoza Trevor.

"Shemeji, hilo dude halitaona barabara. Nipe mimi nilijaze udongo, nipande maua, nilisimamishe getini dukani kwangu. Wateja watacheka, wataingia."

Trevor alikuwa na glasi tatu za mvinyo tumboni na taji la karatasi la sikukuu kichwani. Akasimama, akaapa mbele ya ukoo mzima: gari lisipofaulu ukaguzi kabla ya Pasaka, Raymond alichukue na banda awe nalo Glenys. Glenys hakungoja amalize. Aliyaandika maneno hayo nyuma ya kadi ya Krismasi, akampa kalamu atie sahihi. Alikuwa mwalimu wa dansi kwa miaka thelathini, ukumbi aliokuwa akifundishia ulishafungwa, na tangu hapo alikuwa akililia mahali pa kutandika mbao awafundishe wastaafu wenzake kucheza waltzi.

Siku ya ukaguzi ikapangwa Alhamisi kabla ya Pasaka. Nafasi ni moja tu. Wakaguzi wakilikataa, Jumatatu Raymond anakuja na trela.

Kwa magari yaliyoundwa nyumbani, wakaguzi hawahangaiki na sura. Wanahangaika na ncha. Popote mkono au goti linapoweza kufika pasiwe pakali, na mkaguzi huja na kigololi chake kwenye kijiti, na kila kinachoguswa na kigololi hicho anakipima. Ndiyo maana waundaji huyavika magari yao raba kila ukingo na vikofia vya plastiki kila nati, mpaka gari linaonekana kama mtoto aliyevalishwa kwa baridi na bibi yake. Likishafaulu, raba zote huvuliwa pale pale kwenye maegesho. Wakaguzi wanajua. Waundaji wanajua kwamba wakaguzi wanajua. Hakuna anayelisema.

Ncha yenyewe haionekani kwa macho. Wazee wa kazi huvaa stokingi mkononi na kulipapasa gari lote. Panaponasa uzi, pana ncha.

"Glenys mpenzi, huna stokingi kuukuu?"

"Yaani unaazima kwangu silaha ya kunipigia mimi mwenyewe?" Lakini akampa, pea sita. Alikuwa mkali, hakuwa mchoyo.

Siku tatu Trevor alilipapasa gari, stokingi imempanda mpaka kwenye kiwiko. Jirani alichungulia, akaona mzee wa miaka sabini na moja akilibembeleza gari kwa soksi ya kike, akasema "Siku njema, Trevor," akarudi kwake na kufunga dirisha. Trevor hakujali. Aligusa kila mahali, isipokuwa chini ya dashibodi upande wa abiria, kwa sababu mgongo wake ulikataa kuinama kiasi hicho, na alijiambia kwamba huko hakuna kitu.

Alhamisi asubuhi Glenys alitoka amevaa viatu vyake vya rangi ya fedha.

"Mbona viatu vya dansi?"

"Nasherehekea."

"Unasherehekea nini?"

"Ukumbi wangu mpya." Akapanda, akaviweka vizuri visigino vyake, kila kimoja kimevikwa kikofia cha plastiki kisikwaruzike.

Gari halikuwa na paa, na mvua ya rasharasha ya huko Yorkshire, Uingereza, haikuwa na huruma. Trevor hata hakuihisi. Injini ilikuwa ikinguruma kama alivyoiota miaka yote ile, akajikuta anaimba kwa sauti kubwa. Njiani Glenys akaruka kitini, akatoa tusi ambalo Trevor hakuwa amelisikia tangu siku ya harusi ya Raymond.

"Ni baridi?"

"Endesha gari!"

Walipofika kituoni, Trevor akakimbilia dirisha la mapokezi na makaratasi yake. Aliporudi, Glenys alishashuka, stokingi yake imechanika kuanzia gotini, naye akaelekea chumba cha kungojea, ko-ti, ko-ti, ko-ti, kama mtu aliyevaa viatu vya watu wawili. Trevor hakuwa na nafasi ya kuuliza.

Mkaguzi aliitwa Bwana Pickles, mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa kamba. Alikagua breki. Alikagua taa. Aligeuza usukani na kuuachia, akangoja urudi wenyewe, ukarudi. Kigololi kikatembea kila mahali kwa saa mbili, na Trevor akaanza kupumua. Kisha Bwana Pickles akalala chali, kichwa chake kikapotelea chini ya dashibodi, upande wa abiria.

Hapo ndipo Trevor alipokumbuka. Bolti! Majira ya baridi aliikata kwa msumeno ili bomba la hita lipite, akaiacha na mdomo kama wembe. Aliyaona maua ya Raymond, mekundu, yakichungulia juu ya usukani wake. Alitaka kulia, na hakuona haya kwamba alitaka.

"Mzee Oldroyd," sauti ikatoka chini. "Hii bolti umeivika nini?"

"Bolti... ipi?"

"Miaka ishirini na sita niko kazini. Nimeona watu wakivika bolti vifuniko vya dawa ya meno. Nimeona nusu ya mpira wa tenisi ya mezani. Kikofia cha kiatu cha dansi, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Ni kosa?"

Kigololi kikagusa. Kikagusa tena.

"Laini. Kitabu hakinikatazi." Bwana Pickles akajitoa, akajipangusa mgongo, akaandika. "Mke wangu naye anacheza. Hivi huuzwa viwili viwili. Cha pili kiko wapi?"

Wote wawili wakageukia kioo cha chumba cha kungojea. Nyuma yake Glenys alikuwa akisoma tangazo la tahadhari ya moto kana kwamba ana mtihani nalo kesho.

Gari likafaulu. Kwenye maegesho Trevor alivua raba zote, akazijaza kwenye mfuko, kisha akasimama.

"Ungenyamaza tu, Glenys. Banda lingekuwa lako."

"Lingekuwa langu, ndiyo. Na wewe je? Huna gari, huna banda, kutwa nzima umesimama jikoni kwangu unanifundisha kupanga masufuria! Miaka kumi na tisa sijakuwa na mwanamume ndani ya nyumba, Trevor. Nimezoea." Akaangalia pembeni. "Halafu ulikuwa unaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba unaimba."

Trevor alimfungulia mlango, jambo lisilo na maana kwenye gari ambalo mtu anaweza kuliruka tu.

Nyumbani aliliegesha gari nje kwenye mvua, akalifunika turubai, akachukua ufagio na kuanza kufagia banda.

"Unafanya nini?"

"Hizo mbao zako, unataka za aina gani? Na mpigie Raymond, mwambie maua yake ayapande kwenye ndoo."

Glenys, mlangoni, akainua kisigino chake kisicho na kikofia.

"Kwanza nirudishie kikofia changu."

"Vingine vyote nimevua," Trevor alisema, bila kuacha kufagia. "Hicho hakitoki."

Glenys akaingia katikati ya banda tupu, ko-ti, ko-ti, akageuka mara moja kwa majaribio, akamnyooshea mkono.