Bunduki ya Ngedere

Kaburi la Gladness lilikuwa halijaota hata nyasi siku mama yake, Veronika, alipoitwa shuleni kuelezwa kwa nini mwanawe aliuawa.

Aliyemuua hakuwa mgeni. Ni Godwin, mtoto wa jirani yake Ebenezeri, aliyefika paredi asubuhi na gobore la baba yake, lile la kufukuzia ngedere shambani, akafyatua. Polisi walipomuuliza sababu alisema hajui. Walipomuuliza tena akalia. Basi, kwa kuwa mwenyewe hakujua, ukumbini mwa shule wakajitokeza wanaojua.

Wa kwanza alikuwa mtaalamu kutoka Moshi mjini, mwenye kompyuta na viatu visivyotaka matope ya kwetu Uru. Akaonyesha ukutani picha ya kichwa cha mtoto kilichochomwa mishale pande zote, akasema suala hili lina sababu mtambuka. Veronika alisubiri azitaje. Umeme ukakatika, na mtaalamu akaonekana kushukuru.

Mkuu wa shule akasema ni simu. Godwin hakuwa na simu. Mwalimu wa nidhamu akasema ni sinema za Wamarekani. Kwa Ebenezeri hapakuwa na televisheni hata ya mchina. Katekista akasema ni shetani. Veronika alikwisha kumsikia shetani huyo akilaumiwa kwa kahawa iliyoibwa na kwa mimba ya binti wa mwanakwaya, akaona kwamba naye anafanyishwa kazi kupita kiasi. Mama mmoja akasema ni malezi, huku akimkata jicho mke wa Ebenezeri, aliyejifunika khanga hadi puani.

Veronika naye alikuwa ameitafuta sababu hadi kichwa kikamuuma. Godwin alimwamkia shikamoo kila alipompita. Kuna siku alimbebea mzigo wa majani ya ng'ombe hadi zizini bila kuombwa. Sababu hakuipata, na kilichomchoma zaidi ni kuona kwamba hawa waliokaa mbele hawakuitafuta. Walikuwa wamekuja nayo kutoka nyumbani kwao.

Kisha akasimama Shedrack, mwenyekiti wa kijiji, mtu anayependa kusimama. Akatangaza hatua. Yatafanyika maombi ya kufunga. Litachorwa bango. Getini atakaa mlinzi.

"Na huyo mlinzi atashika nini?" akauliza mkuu wa shule.

"Bunduki! Nitampa ya kwangu, nikirudishiwa."

Ukumbi ukapiga makofi. Veronika hakupiga. Neno lile la mwisho lilimkwama masikioni, lakini kabla hajafungua mdomo Ebenezeri aliinuka na wazee wawili wa ukoo wake, akaja kupiga magoti mbele yake. Mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo.

Hapo watu wote walishusha pumzi. Sale ndiyo ile tunayopanda mipakani mwa vihamba vyetu vya migomba, na Mchagga akiletewa jani lake hakatai kusamehe, hata kama moyo unamtoka. Mkuu wa shule alikwisha kutabasamu. Msamaha ukitolewa, Brenda, mdogo wake Gladness, atarudi darasani Jumatatu, na shule itasema mambo yamekwisha.

"Baba Godwin," Veronika akasema, mikono bado mapajani. "Bunduki ya mwenyekiti iko kwa nani?"

Ebenezeri akainamisha kichwa. "Iko kwangu, mama."

"Si polisi walichukua gobore lako?"

"Walichukua. Ngedere wakaingia kwenye mahindi."

"Nilimwazima mimi," Shedrack akadakia, bila aibu hata chembe. "Siku ya pili baada ya mazishi. Tungemwacha jirani alale njaa? Huo ndio ujirani wetu, Mama Gladness. Hata wewe tungekufanyia."

"Umeiweka wapi, Baba Godwin?"

"Uvunguni."

"Na wadogo zake Godwin wanalala wapi?"

Mke wa Ebenezeri ndiye aliyejibu, kwa kilio, na kila mtu akaelewa.

Veronika alilipokea lile jani. Hata yeye alizaliwa huku. Kisha akamwinua Ebenezeri, akampita, akaenda kupiga magoti mbele ya mwenyekiti na jani lile lile.

"Nimesamehe. Sasa naomba mimi. Bunduki yako ikatwe vipande, na za wote walio humu."

Wanaume wakakumbuka kwa pamoja kwamba ng'ombe hawajakamuliwa. Shedrack aliificha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Jani la sale ni la kuombea msamaha, mama. Si la kuombea mali za watu."

"Basi nisamehe. Nimekosea kuzaa watoto karibu na ngedere wenu."

Veronika akaliweka jani mezani, akamgeukia mkuu wa shule. "Brenda atarudi siku mtu atakapolipokea jani hili."

Jumatatu wanafunzi wa zamu walifagia ukumbi. Jani lilikuwa pale pale mezani, limeanza kukauka, wakalitupa pamoja na maganda ya karanga. Mwenyekiti alikuwa amefanya kikao kingine, wakaafikiana kwamba bunduki imerudi kwa mwenyewe, kwa hiyo tatizo limekwisha. Bango likachorwa, likapendeza.

Brenda alikuwa nyumbani akimenya ndizi na mama yake. Mchana mlio ukapasuka kutoka upande wa kwa Shedrack. Kisu kikamponyoka mtoto, akajitupa chini ya meza, mikono kichwani.

"Ni ngedere," Veronika akasema haraka. "Ni ngedere tu, mwanangu."

Akasikia sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye maelezo, kama za wale wa ukumbini. Akaona haya hata kumtazama. Akaingia chini ya meza, akakaa naye huko.